Maji ya Chini ya Pipa

Nyumba yetu ilikuwa na maji safi kuliko nyumba yoyote ya mtaa wetu pale Walikale. Na ni ndani ya nyumba hiyo binti yangu alianza kushindwa kushika kijiko.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa ya kwanza. Kijiko kikamponyoka, nikamgombeza. Akakiokota, kikaanguka tena.

Nikamshika mkono. Vidole vilikuwa vinatetemeka vyenyewe.

Nina sababu ya kuyasimulia haya mbele ya watu nisiowajua. Wanaonijua walishanihukumu zamani, tena hawakukosea sana.

Naitwa Kanyere, mtu wa Butembo. Nilimfuata mume Walikale. Yeye anaendesha lori, mimi niko dukani na chumvi yangu, sabuni na mafuta ya kupikia. Bibiche ni mtoto wetu wa pekee, ana miaka sita.

Mwaka juzi kijito tunakochota maji kiligeuka rangi. Wachimba dhahabu walihamia juu yake, wakawa wanasafisha dhahabu kwa zebaki, na yote wanayomwaga yanateremka kwetu. Samaki wakaanza kuelea tumbo juu. Nikamuuliza muuguzi kama kuchemsha kutasaidia. Akasema moto unaua vijidudu, zebaki unaiacha palepale.

Niliogopa sana. Nikamwambia mume wangu, safari hii ukienda Goma usiniletee kitenge, niletee mashine ya kuchuja maji.

Akaileta. Ilipita njia mbovu ya Mushaki na Kashebere imeviringishwa ndani ya godoro, ikafika nzima.

Élie, fundi wa sola, ndiye aliyeifunga. Pipa la maji ya kijito likakaa nje. Maji yanapita chupa tatu za kukamata tope na harufu, kisha pampu inayasukuma kwenye chupa ya nne yenye utando mwembamba ajabu. Yanayopenya yanaingia kwenye tangi dogo jikoni. Yasiyopenya yanatokea kwingine.

"Tuyau iko mbili," Élie akaniambia, akigusa mabomba mawili, moja la buluu na moja jeusi. "Ya bleu njo ya kunywa. Ile nyeusi inabeba mabaya yote. Hiyo muitupe mu shimo."

Akaongeza kwamba kwa kila bidoni moja ya kunywa, tatu zitatokea kwenye lile bomba jeusi.

Tatu! Hapo akili yangu ya Butembo ikaamka. Kwetu ni milima. Mama yangu alipanda na bidoni ya lita ishirini mgongoni, kamba imembana kichwa, na mtoto aliyemwaga kikombe kimoja alichapwa. Leo mimi nitupe bidoni tatu?

Élie hajafika hata barabarani, nikalichomoa bomba jeusi shimoni nikalirudisha ndani ya pipa. Maji yazunguke, mashine iyachuje tena, kisipotee kitu. Nilijiona mjanja kweli. Akili nyingi huondoa maarifa.

Kila siku nilijazia maji ya kijito juu ya yaliyobaki. Mwisho wa wiki, pipa lilipobaki robo, mashine ilianza kulalamika na maji ya jikoni yakatoka kwa shida. Yaliyobaki chini yalikuwa meupe, maana tope lote lilishakwama kwenye chupa ya kwanza. Sikuwa na moyo wa kuyamwaga. Nikamwita jirani yangu.

Euphrasie, mama yake Elodie, ni mkulima. Ndiye aliyenizalisha Bibiche kwa mikono yake, mvua inanyesha na njia ya hospitali imekatika. Nikamwambia haya ni maji ya mashine. Akashukuru sana.

Huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Nikachukua kikombe nionje. Euphrasie akacheka.

"Uonje ya nini? Wewe si dada yangu?"

Nikakirudisha kikombe. Tangu siku hiyo, kila wiki alibeba bidoni mbili.

Baada ya miezi minne Elodie, wa miaka mitano, akaanza kutetemeka mikono. Kisha akawa anajikwaa pasipo na jiwe. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Zahanati ikampa dawa ya minyoo, ikampa ya malaria, hakuna kilichosaidia.

Mtaa ukaanza kunong'ona. Mtoto wa mgeni ananenepa, wa jirani anakauka. Ile mashine haichuji maji, inanyonya watoto.

Wateja wakaacha kupokea chumvi mkononi mwangu. Ilibidi niiweke juu ya meza na kurudi nyuma, ndipo waichukue.

Asubuhi moja Hubert, baba yake Elodie, alisimama uani kwetu na panga mkononi, akiitazama mashine. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, kisha akaenda zake shambani.

Nililia kwa hasira. Nimewapa maji, wao wananiita mlozi.

Halafu ndiyo ikaja ile Jumapili ya kijiko.

Nikamwita Élie mbio. Ana kipimo kidogo, unakichovya majini kinakupa namba ya vitu vilivyoyeyuka humo. Maji ya robine, koki ya tangi la jikoni, yalisoma kumi na moja. Kijito, themanini na nne.

"Mashine iko muzuri," akasema. "Mutoto anakunywaka wapi?"

Nikamjibu kwamba anakunywa hapa, atakunywa wapi tena? Bibiche alikuwa mlangoni.

"Maji yetu haina utamu, mama. Minakunywaka kwa Mama Elodie. Yake njo tamu."

Nikakaa chini.

Élie akaenda kwa Euphrasie kuomba maji ya kunywa, akarudi na kikombe. Akachovya. Mia tisa na kumi.

Akazunguka nyuma ya nyumba bila kuniangalia. Akaliona bomba jeusi, limelala ndani ya pipa.

"Ulirudisha mabaya mu pipa," akasema polepole. "Maji inatoka, mabaya inabakia. Kila siku inaongezeka. Ile ya chini njo sumu yenyewe."

Nilikwenda kwa Euphrasie peke yangu. Nikapiga magoti, nikamweleza bomba, pipa, yote. Hubert alikuwa amesimama mlangoni. Nilitamani anipige, hakunipiga.

Euphrasie ndiye aliyenijibu.

"Wewe ulijua ile maji inatoka wapi," akasema. "Mi nilijua tu inatoka kwako."

Mume wangu aliwapakia watoto wote wawili kwenye lori mpaka Goma. Daktari akaikuta zebaki kwenye damu zao. Bibiche alirudi baada ya miezi miwili, anashika kalamu. Elodie alirudi anatembea, lakini maneno yake yanatoka nusu na mkono bado unatetemeka. Daktari alisema huenda vitarudi, huenda visirudi.

Leo bomba jeusi linaingia kwenye shimo refu lililofunikwa, mbali na kijito. Robine nimeitoa nje uani, kila anayetaka achote.

Wewe unayefikiria kununua mashine, sikia hili. Mashine haiui uchafu, inautenga tu, halafu mwenye nyumba ndiye anayeamua uende kwa nani. Na ukimpa mtu kitu ambacho usingempa mwanao, usikiite zawadi.

Nilipokiri, mtaa uliacha kuniita mlozi. Mimi mwenyewe bado najiita jina hilo moyoni.

Kila jioni Elodie anakuja na kikombe chake cha plastiki, amekishika kwa mikono miwili. Mama yake hubaki nje ya ua. Nikishakijaza, mtoto hanywi. Anageuka kumtazama mama yake, na mama yake ananitazama mimi.

Naonja kwanza. Euphrasie analitazama koo langu mpaka nimeze, ndipo anamwambia mtoto anywe.