Ufunguo Niliounyang'anya Msibani

Habari ya kifo chake ilinikuta Kihonda, nikisubiri fundi anipunguzie suruali. Kaka yake marehemu ndiye aliyenipigia. Wengine huambiwa pole, mimi niliambiwa, "Mtumwa wako kafa. Njoo utusumbue." Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi ni Mnyamwezi na marehemu alikuwa Mluguru, na kwamba makabila yetu ni watani. Kwa asiyejua, mtani ana ruhusa ya kukutukana ukiwa hai na kuvuruga mazishi yako ukifa. Anazuia jeneza, anadai anachotaka, na ni mwiko kumkasirikia. Nikamjibu kaka yake kwamba nimefurahi sana, sasa nitakula kabichi zisizo na matusi. Halafu nikakata simu, nikalia mbele ya fundi wa watu.

Tulijuana sokoni, Morogoro mjini, alikokuwa akiteremsha kabichi na karoti kutoka mlimani. Siku ya kwanza nilibonyeza kabichi yake, nikauliza bei, nikairudisha. Lafudhi yangu ikanisaliti. "We Mnyamwezi," akasema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, "unanunua au unatomasa tu kama mke wa mtu?" Tangu siku hiyo sikununua mboga kwa mwingine. Kila nilipofika alinitukana, akanifungashia, kisha akanisimulia habari ya chumba. Kwa nini mwanamke yule alizeeka akiwa na hasira, ni habari ya chumba kimoja tu.

Kwao ni kijiji cha misheni, ukishapita Mkuyuni unaanza kupanda kwa miguu. Kuna nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma walimoishi masista. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru shamba hufuata upande wa mama. Mabibi wa ukoo waliwapa masista kiwanja, na wanawake wa kijiji wakabeba matofali kichwani kutoka mtoni. Walichoomba ni kitu kimoja: chumba cha pembeni, karibu na geti, ambamo mjamzito wa vitongoji vya juu angeshuka mapema akangojea siku yake, jirani na zahanati. Masista wakakubali, na miaka yote Mwislamu na Mkristo walilala humo bila kuulizwa dini. Marehemu aliwangojea watoto wake wote katika chumba hicho. Baadaye masista wakazeeka, wakapungua, shirika lao likaifunga nyumba na kuikabidhi iwe ofisi ya kata. Siku ya kuagana, sista mkuu alisema mbele ya kijiji kizima: chumba cha kungojea kibaki. Kiongozi aliyepokea akajibu, "Kitabaki," watu wakapiga makofi.

Sina ugomvi na ofisi. Kanisa dogo la ndani sasa ni ukumbi wa mikutano, vijana wanasajili vikundi vyao pale, na hilo ni jema. Nyumba isiyo na watu huliwa na mchwa. Lakini kile chumba kilijazwa viti vya plastiki, maturubai na pikipiki ya mtendaji wa kata, kikapigwa kufuli. Mjukuu wa marehemu alishuka na mimba yake akakuta kufuli. Akaambiwa akasubiri kwa ndugu. Ndugu gani, wakati ukoo wote uko juu? Akapanda kurudi, na uchungu ukamkamatia njiani, mvua ikinyesha. Bibi yake alifika mbio akampokea mtoto kwenye kanga. Mtoto hakulia.

Baada ya kuzika kile kitoto, bibi alikwenda ofisini. Mtendaji akamwambia, "Mama, hii ni ofisi ya serikali, siyo wodi." Naye akajibu, "Tofali hizi kabeba mama yangu kichwani. Wewe nani kakubeba mpaka ukafika hapa?" Kila mkutano wa hadhara alisimama na swali lile lile, na kila mkutano aliambiwa suala lake linashughulikiwa. Ninaudhika mpaka leo nikilisikia neno hilo. Kutoa viti chumbani ni kazi ya asubuhi moja, inashughulikiwa miaka? Akanigeukia mimi: "Andika, Mnyamwezi, kama mkono wako una kazi nyingine zaidi ya kutomasa." Niliandika, katika safu hii hii. Hakuna aliyejibu.

Basi siku ya mazishi nilipanda mlima nikiwa nimevaa gunia na sufuria kichwani. Njia ya kwenda makaburini hupita mbele ya geti la ofisi. Jeneza lilipofika hapo nikalala chini katikati ya njia. "Hapiti mtu! Mtumwa wangu huyu hazikwi bure!" Watu wakacheka, wengine huku wakilia, wakaanza kunitupia sarafu. Nikazirudisha. Nikamnyooshea kidole mtendaji, aliyekuwa mstari wa mbele na suti yake: "Nataka ufunguo wa chumba cha kungojea." Kicheko kikakatika. Padri akatazama chini. Mtendaji alitazama huku na huku, akaona macho ya kijiji kizima, akatabasamu kwa shida, akautoa mfukoni. Mtani hakasirikiwi. Nikainuka, jeneza likapita, na tulipotoka makaburini wanawake wakakivamia kile chumba, wakatoa viti, wakadeki, wakatandika mkeka.

Matanga yalipoisha, simu yangu ikaita, ni mtendaji. "Mzee, shikamoo. Ule ufunguo naomba uurudishe. Utani si umekwisha?" Nikamwambia alichochukua mtani msibani hakirudi. Akacheka. "Basi kaa nao." Nilipopanda tena nilielewa alichocheka. Mlangoni kulikuwa na kufuli jipya. Viti vimerudi ndani. Mkeka umetupwa uani, umelowa.

Nimewaza sana kuhusu kicheko kile. Wazee walituachia utani ili mnyonge apate mahali pa kumwambia mkubwa ukweli, naye mkubwa apate mahali pa kuona aibu. Kwa mtu asiye na aibu, utani ni burudani tu. Haki tuliyoipata kwa mzaha imenyang'anywa kwa mzaha, nasi tulikuwa tumeshatawanyika kwenda kupika. Kosa letu ni hilo: tulifunga safari kumzika mama, hatukufunga safari kukilinda chumba.

Mjukuu wa marehemu ana mimba tena, na tumbo limeshaonekana. Ufunguo usiofungua kitu uko mezani kwangu ninapoandika haya. Mwezi wake ukikaribia nitapanda mlima, bila gunia wala sufuria, pamoja na kila msomaji mwenye miguu, tukalikalie geti lile mpaka mlango ufunguliwe. Mtendaji, najua unanisoma. Mtani wangu amekwisha kufa, na mimi sasa sitanii.