Mama Aliposema Simama

Jumatano ile nilikuwa naruka kamba ndani ya ukumbi wa fleti yetu, Kuwait, na jirani wa chini alikuwa anagonga dari lake kwa mpini wa fagio. Mama alikuwa jikoni anakaanga kaimati. Akaniambia bila ya kugeuka, "Ruzuna, hebu muonee huruma mwenzio, ana presha." Nikaruka kidogo zaidi kwa ukaidi, kisha nikaacha. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Baba alikuwa fundi wa umeme. Wazee wangu walihamia Kuwait kutoka Maskati kabla mimi sijazaliwa, na wazee wao walifika Maskati kutoka Unguja, kwa hiyo kwetu kuhama si jambo la kusimulia. Nje tulisema Kiarabu. Mlango ukishafungwa tulisema Kiswahili.

Alfajiri ya Alhamisi majeshi ya Iraq yakaingia mjini.

Watu hapa Sib, nje ya Maskati, wakiniuliza habari za vita hutaka mabomu. Mimi nnakumbuka zaidi foleni ya mkate, na magodoro tuliyoegemeza madirishani, na joto lililokuwamo nyuma ya magodoro hayo. Nnamkumbuka askari mmoja kijana aliyepanda ngazi mpaka kwetu kuomba maji. Mama alimpa. Akanywa bilauri mbili, akarudisha bilauri kwa mikono miwili kama mtoto aliyefunzwa adabu, akashuka. Mama akaiosha ile bilauri, akaiosha tena, halafu akaitupa.

Baada ya wiki kadhaa Baba alipata pikapu ya rafiki yake. Tulikuwa tukimbilie mpaka wa Saudia kupitia jangwani, kama walivyofanya wengine. Mbele walikaa Baba na Mama, na mdogo wangu Said mapajani kwa Mama. Mimi niliwekwa nyuma, baina ya magodoro na madumu ya maji, nikaambiwa nilale chini nisionekane. Nililala. Niliona mbingu tu, na nyaya za umeme zikipita.

Kona ya pili kutoka kwetu walikuwa wameweka kizuizi. Jana yake hakikuwapo.

Askari alipiga kelele. Baba hakusikia, au hakuelewa kuwa anaambiwa yeye. Gari ikaendelea.

Mama alisikia. Akamwambia Baba, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Simama! Simama!"

Mimi nikasimama.

Nilishika paa la gari kwa mikono miwili nikainuka baina ya magodoro. Niliona kizuizi, niliona mtu ameinua bunduki, na niliona kuwa na yeye ameogopa.

Sikusikia mlio. Nilisikia maji ya dumu yakinimwagikia mgongoni, na nikashangaa mbona ya moto.

Hospitali dawa zilikuwa zimepungua na manesi wengi wameshaondoka. Waliniokoa hata hivyo. Siku nilipoweza kusema, Baba aliinama akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwa nini ulisimama?" Nikamjibu, "Si Mama kaniambia."

Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda.

Kiarabu nacho kina neno moja tu kwa gari kusimama na kwa mtu kusimama. Askari alisema lake kwa Kiarabu, Mama alisema lake kwa Kiswahili, na mimi, niliyekuwa na lugha zote mbili, nikafahamu kile nisichotakiwa kufahamu. Tangu siku ile Mama halitamki neno hilo. Tukiwa garini akitaka Baba asimame humwambia, "Ngoja hapo."

Tulifika Maskati mwisho wa mwaka. Tukapata nyumba Sib, karibu na soko, nyumba nzuri, lakini ina ngazi mlangoni. Nikapewa kiti cha magurudumu, ambacho nyumbani tulikiita kigari, na kigari kikawa kinakaa nje kwenye veranda kama baiskeli ya mgeni. Kila nikitoka Baba hunibeba. Mara moja alileta mifuko ya saruji ili ajenge mteremko. Mama akaikuta.

"Ya nini hii?"

"Ya kigari cha mtoto."

"Ukijenga hiyo," Mama akasema, "ushamzika."

Saruji ikaganda ndani ya mifuko yake.

Kwa Mama mimi nilikuwa mgonjwa, na mgonjwa hupona. Alinipeleka kwa madaktari, kisha kwa masheikh, kisha kwa mganga wa mji wa Bahla anayechoma wagonjwa kwa chuma cha moto. Wageni walikuja kuniangalia kama wanavyomwangalia mtu aliyelazwa jana, na machungwa mkononi. Walikaa, wakanitazama miguu, wakasema, "Utasimama, inshallah." Mama hapo huinuka akaenda kutia chai ambayo haijaisha. Mimi ni mwenye haya tangu zamani, nikiangaliwa na watu hukosa pa kuweka mikono. Nikajifunza kujifanya nimelala. Shule ya sekondari madarasa yalikuwa juu, kwa hiyo nikasomea nyumbani nikawa nakwenda kwenye mitihani tu. Miaka ikapita hivyo, mimi na dari.

Aliyenitoa ni Bi Salma, aliyekuwa akininyoosha viungo hospitalini, na yeye pia ni mtu wa asili ya Unguja. Alinishika mabega akasema, "Mabega yote haya unayalaza kitandani? Israfu." Akamwambia Mama kuwa kuna mazoezi mazuri Wattaya, mtaa wa Maskati, mara mbili kwa wiki. Mama akasikia mazoezi, akafikiri ni yale ya kunyoosha miguu. Akakubali. Bi Salma hakumsahihisha, wala mimi.

Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, kulikuwa na kiwanja cha mchanga na wasichana wachache wenye vigari. Huko nilimkuta Zamzam. Aliugua polio utotoni, ana ulimi mkali kuliko wembe, na hakunionea haya hata siku moja.

"Wewe ndiye wa risasi?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Ndiyo."

"Bahati yako. Mimi homa tu. Watu wakiniuliza hata hadithi sina."

Tulirusha tufe. Kigari chepesi hupinduka ukirusha, kwa hiyo hukaliwa kiti cha chuma kilichofungwa ardhini kwa minyororo, na wewe unafungwa kwenye kiti kwa mikanda, mapajani na kiunoni. Siku ya kwanza walipoikaza nilitaka kulia. Kisha nikapewa lile tufe, zito, la baridi, nikaliweka shingoni kama nilivyoonyeshwa, nikalisukuma. Lilianguka karibu sana. Zamzam akasema, "Umeliweka au umelirusha?" Nikacheka, na nikaomba tena. Kiti hakikutikisika. Tangu Kuwait hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyotumia nguvu zangu zote juu ya kitu, na kitu hicho kikenda mbali nami.

Siri ilifichuliwa na simu. Yalikuwa yanakuja mashindano, vikundi vichache tu, hapo hapo Wattaya, lakini na wageni na mabenchi ya watazamaji. Zamzam alipiga nyumbani, Mama akapokea, na Zamzam akamwambia Ruzuna asisahau fulana yake ya kurushia tufe.

Mama aliingia chumbani akabaki mlangoni.

"Nani kakwambia wewe ushakuwa kiwete?"

"Hakuna aliyenambia."

"Mimi nnahangaika huku na huku upone, wao wanakufunza kukaa. Na watu watakuja kukutazama. Watasema nini? Kuwa sisi tushakata tamaa?"

"Mama, kukaa sikufunzwa na wao," nikasema. "Miaka sita hii nafanya nini?"

Nilijua pa kumpiga, na nikapiga. Akafunga mlango polepole. Baba ndiye aliyesema kesho yake kuwa ntakwenda.

Sikutegemea kuwa Mama angekuja. Alikaa benchi la juu na buibui lake, mbali na akina mama wengine, na Said pembeni yake. Zamu yangu ilipofika Baba alinibeba akaniweka kwenye kiti cha chuma, na mhudumu mmoja wa Kihindi akaanza kukaza mikanda. Nikamwona Mama anashuka. Alikuja mpaka mstarini.

"Mfungueni," akasema kwa Kiswahili. Mhudumu hakufahamu. "Mnamfunga mtoto kama mbuzi, mfungueni."

"Mama, wakinifungua ntaanguka."

Alinitazama, si miguu, usoni. Kitu kikatoka usoni mwake. Akarudi kwenye benchi akakaa.

Nilikuwa wa tatu katika wanne. "Usijivune sana," Zamzam akanambia, yeye akiwa wa pili.

Wiki iliyofuata mafundi walikuja kujenga mteremko mlangoni, na Mama aliwapelekea chai. Wageni wa machungwa wakapungua. Sijui aliwaambia nini.

Kuna jambo sijaliandika popote. Miaka yote hiyo, kila baada ya Sala ya Alfajiri, Mama huingia chumbani kwangu na kikombe cha maji aliyoyasomea, akanipaka kuanzia mapaja mpaka vidoleni. Mimi sihisi kitu. Namwona tu ananipaka, kidole baada ya kidole, midomo ikitikisika. Nilikuwa nikiuchukia wakati ule kuliko wakati wowote wa siku.

Asubuhi ya jana sala ilikwisha na mlango haukufunguliwa. Nikangoja. Nikasikia vyombo jikoni, kisha sauti ya Said.

"Mama, leo humsomei Ruzuna?"

Nikasikia Mama anafunga bomba.

"Ruzuna mzima," akasema.

Ndilo nililolitaka, kwa miaka. Nikalala pale, miguu mikavu, nikisikiliza kama atabadilisha nia.