Tumbo Langu Lilivyonifanya Niogope Simu

Jamani, nilijikuta chini ya meza ya ofisi, nimekumbatia pipa la takataka, kisa simu imeita.

Na kazi yangu ni kupokea simu!

Mimi ni mpokea simu wa zimamoto. Nyumba yako ikiwaka, sauti ya kwanza utakayoisikia ni yangu. Miaka sita nimeifanya kazi hiyo bila kutetereka. Halafu wenzangu wawili wakaacha kazi, zamu zao nikaangushiwa mimi.

Miezi minane kichwa hakipoi.

Tumbo ndilo lililoanza fujo. Linanguruma, linavimba, mara nakimbia chooni na hedifoni bado kichwani.

Daktari wangu nani? Mimi mwenyewe! Napita duka la dawa, nachukua antibiotiki, nameza siku mbili, nikipata nafuu naacha. Wiki tatu mbele, narudia. Chakula changu biskuti na soda, maana vinalika kwa mkono mmoja.

Ndipo hofu ikaingia. Hofu isiyo na jina. Binti yangu akiangusha kijiko, naruka.

"Mama, baba ana jini," akamwambia mke wangu.

Sasa siku hiyo ya meza. Simu inaita, mikono imekufa ganzi, nikateleza chini. Mwenzangu wa meza ya jirani akaidaka: jiko la gesi limeshika moto, mama na watoto wawili wako ndani.

Waliokolewa wote. Lakini sekunde zile zilizopotea, mimi ndiye niliyezipoteza.

Bosi wetu, mama mmoja tunayemwita Chuma, akanitazama. Hakufoka.

"Nenda nyumbani. Usirudi bila karatasi ya daktari."

Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Dada yangu mkubwa akanikokota hadi zahanati. Daktari akaanza: Unalala saa ngapi? Unakula nini? Choo kikoje?

"Daktari, mimi naumwa hofu, wewe unaniuliza choo?"

Akacheka. "Kaka, tumboni mwako kuna bakteria wengi kuliko watu wote duniani. Wengi wao ni wema. Wanasaidia kusaga chakula, na inaonekana wanapelekeana habari na ubongo. Msongo wa mawazo wa muda mrefu unaweza kuwavuruga. Wewe ukawamwagia na antibiotiki ovyo."

"Kwa hiyo wao ndio wamenitia woga?"

"Huenda wamechangia. Kwa panya wanasayansi wameona mengi, kwa binadamu bado wanachunguza. Sitakudanganya kwamba mtindi utakuponya. Ukiendelea na zamu hizo, hata ukila shamba zima la mboga, kazi bure."

Dada akadakia: "Umesikia? Umefukuza wapangaji wema, wamebaki walevi!"

Nikaondoka na masharti: maharage, mboga, matunda, mtindi, kulala, kutembea, na mshauri nasaha kila wiki. Antibiotiki marufuku bila kupimwa.

Wiki ya tano tumbo likatulia. Hofu haikuisha yote, ila sasa ilikuwa inabisha hodi badala ya kuvunja mlango.

Nikarudi kazini na karatasi: zamu moja tu kwa siku. Moyoni nimeshajiandaa kufukuzwa.

Chuma akaisoma mara mbili. Akainuka, akafunga mlango. Akavuta droo yake.

Aisee! Imejaa vidonge vya tumbo, dawa za kiungulia, antibiotiki zilizoliwa nusu.

"Miaka minne," akasema, sauti imeshuka. "Kabla ya kila kikao natapika. Huyo daktari wako anapatikana siku gani?"

Kumbe na yeye! Mtu niliyemwogopa kuliko moto!

"Alhamisi, bosi. Nitakusindikiza."

Tulikwenda. Aliporudi, akawaandikia wakubwa barua tatu mpaka wakaajiri watu wawili. Sasa kila mtu anapata saa ya kula, ameketi, kwa mikono miwili.

Ndugu yangu, tumbo likilalamika muda mrefu, usilizibe mdomo kwa kidonge ulichojiandikia mwenyewe. Kapimwe. Na kama mzigo umekuzidi, sema. Huenda unayemwogopa anasubiri mtu wa kwanza kusema.