Maji ya Rejeta

Trekta la ami yangu, ndugu wa baba, lilikuwa kuukuu hata naapa Nabii Nuhu alilikataa safinani. Tulilifufua pale Siyu kwa vyuma vya kuokota, na siku lilipowaka kuku wa mji mzima waliacha kutaga. Ami, mvuvi wa zamani, alikuwa ameshindwa na bahari kwa sababu ya ugonjwa wa kifua. Bila trekta, na shamba lingemshinda.

Kisha ukaja ukame. Jabia, birika letu la kuhifadhia maji ya mvua, lilibaki na maji kidogo, na kwetu maji ya jabia ni ya kunywa tu.

"Ami, usitie rejeta maji ya kisima. Yana chumvi, yatakula injini."

"Wewe na shule yako ya usiku," akacheka. "Trekta linywe ya jabia, watoto wanywe oili?"

Akajaza rejeta maji ya kisima. Tulilima kama masultani hadi injini ilipokwama. Tulipoifungua, chuma kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kikatoboka.

Mvua iliponyesha, ami alishika jembe. Hakumaliza hata tuta moja, akakaa chini akikohoa. Nikamwondolea jembe mkononi. Aliniachia, yeye aliyekuwa akibishana hata na mwadhini.