Ndoo Yenye Kufuli

Jumanne asubuhi nilikuwa napiga mswaki uani, jirani akaegemea ukuta wa mawe unaotutenganisha na kuniambia kwamba mama wa sangria amefariki. Sikuuliza amefariki saa ngapi, wala watoto wake wako wapi. Nilichouliza, povu la dawa ya meno likiwa bado mdomoni, ni lile swali ambalo watu wa mji wetu wa Goma huliuliza wanapopewa habari ya msiba: "Alikunywa wapi?" Jirani akashusha sauti. "Munganga anasema ni tension," akajibu, yaani daktari anataja shinikizo la damu, "lakini unajua batu." Najua watu, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Huku kwetu ni wachache wanaokubali kwamba mtu amekufa tu. Lazima awepo aliyemwekea kitu kwenye glasi, na kwa hofu hiyo tumejitungia adabu nzima ya kunywa: chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, kifuniko ukirudishe juu ya chupa kila baada ya kumimina, na ukienda kucheza, glasi uliyoiacha mezani usiiguse tena. Wasomaji wangu wa kila wiki mmezoea kunisoma nikiwachekea wengine. Leo sina wa kumcheka. Mimi ni mwoga wa glasi tangu utotoni.

Sasa fikirieni mtu anayeamua, katika mji wa namna hii, kulisha watoto wake kwa kuuza kwenye sherehe za watu kinywaji kinachochanganywa ndani ya ndoo. Marehemu alikuwa mama aliyetoka mji wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mjane wa mfanyabiashara wa maharage, na nyumba yake ya mbao iko hapa hapa mtaani kwetu Murara, njia ya tatu kutoka kwangu. Sangria, yaani divai iliyolazwa na matunda, alifundishwa na sista mmoja wa Kihispania ambaye yeye alikuwa mpishi wake kwa miaka mingi, kisha akaigeuza ikubaliane na soko letu. Machungwa na nanasi aliyaacha kama alivyofundishwa, akaongeza maracuja, yaani pasheni, na mahali pa matunda ya Ulaya akaweka matunda damu, zile nyanya za mti, yaliyoiva mpaka ngozi imelegea. Chungwa alilimenya akaondoa hata ile ngozi nyeupe ya ndani, kwa kuwa ikilala kwenye divai inaleta uchungu. Sukari aliipika na mdalasini mpaka ikawa nzito, akaiacha ipoe kabisa. Divai nyekundu ilimiminwa mwisho. Ndizi hakuitaka hata kuiona karibu. "Ndizi inatia matope," alisema, na mtu aliyebisha alipewa kisu aendelee mwenyewe.

Haya yote aliyafanya uani kwa mwenye sherehe, mchana, watu wakimtazama. Tatizo ni kwamba sangria lazima ilale usiku mmoja, matunda yanywe divai na divai inywe matunda. Ukiinywa siku hiyohiyo, alikuwa akisema, umekunywa divai yenye takataka. Na usiku huo mmoja ndio unaowatia hofu watu wa Goma, kwa maana ni nani aliyekaa akiilinda ndoo? Mama yule akapata jawabu ambalo sijaliona kwingine. Alitoboa kifuniko na ukingo wa ndoo kwa msumari wa moto, akapitisha kufuli, akafunga mbele ya wenyeji na kumkabidhi mwenye sherehe ufunguo. Kesho yake mwenye sherehe alifungua mwenyewe. Mama akachota glasi ya kwanza, akainywa yote akiwa amesimama, kisha akaigeuza kichwa chini watu waone kwamba haikubaki kitu. Kuonja kwanza ni desturi ya kila anayekaribisha watu, ila wengi huonja kwa ncha ya ulimi. Yeye alimaliza glasi, akafuta mdomo kwa kitenge, akasubiri.

Miaka minane iliyopita jirani mmoja alifanya sherehe ya komunyo ya binti yake, na ndoo ikawepo. Nilimwona mama akimaliza glasi yake. Nilimwona mwenye nyumba akifungua kufuli. Nililetewa glasi yangu, nzuri, nyekundu, kipande cha nanasi kikielea juu, na nikaogopa. Sikuwa na sababu hata moja. Nilitabasamu, nikaigusisha mdomoni, nikainuka kana kwamba napokea simu, nikaenda nyuma ya nyumba na kuimwaga kwenye mawe ya volkano. Mnajua mawe yetu yalivyo meusi, hayaonyeshi doa la divai. Nikarudi na glasi tupu, nikasifia. Nilijiona mjanja sana.

Kesho yake mgeni mmoja, dereva wa malori ya Butembo, akaamka anatapika na mwili unachemka. Jioni tulikuwa wanaume sita tumesimama kwa muuza vocha, na mmoja akauliza nani kati yetu alikunywa ile sangria. Nikajibu, "Mimi sikunywa. Nilimwaga." Sikusema kwamba ina sumu. Sikumtaja mama yule kwa ubaya. Lakini kama mtu anayeandika gazetini, mtu anayedhaniwa kujua mambo, anasema alimwaga, basi wenzake wanatafuta wenyewe alichokuwa anakijua. Kabla ya Jumapili maneno yale yalikuwa yamefika Ndosho, upande wa pili wa mji, na huko yalifika yameongezewa nyama: kwamba nilinusa, kwamba nilionywa kwenye simu, kwamba ndio maana niliinuka.

Dereva alikuwa na homa ya matumbo. Hospitali ilimpima, akatibiwa, akapona, akarudi kwenye lori lake na kumweleza kila aliyetaka kusikia. Nani alitaka? Habari ya mtu kupewa sumu inakimbia, ila habari ya mtu kunywa maji machafu haimpeleki mtu kwa jirani. Wenye harusi wakaacha kumwita mama wa sangria. Waliobaki ni wachache, watu wa ukoo wake na wa kanisa lake, na hata hao walikuwa wakimwomba radhi huku wakiagiza bia za chupa pembeni. Mwisho akaanza kuuza nyanya. Nami nilikuwa na safu hii hii, kila wiki, nafasi ya kutosha kabisa kuandika sentensi mbili kwamba dereva alikuwa na homa ya matumbo na kwamba mimi nilimwaga kwa woga wangu tu. Sikuziandika. Niliogopa watu wangenicheka, na niliogopa zaidi kwamba siku moja mtu angeugua kweli na ningeulizwa kwa nini niliitetea ndoo ile.

Mara moja tu alinisemesha juu ya jambo hilo. Nilikuwa nanunua nyanya zake, nikichagua kwa haraka nisimtazame usoni. Akaniambia, bila hasira, "Papa journaliste, ile siku ya komunyo nilipita nyuma ya nyumba kutafuta beseni. Nilikuta nyuki zimejaa ku mawe. Nikajua kuko mutu amemwaga." Akaongeza, "Nyuki zilikunywa, papa. Hazikufa." Kisha akanifungia nyanya zangu na kunitilia mbili za nyongeza. Nilikwenda nyumbani nikazipika, na ninawaambia ukweli wote: hata zile nyanya mbili za nyongeza nilizitazama kwa muda mrefu kabla ya kuzitia chunguni.

Nimejiuliza wiki hii tunaogopa nini hasa. Mji huu una mlima unaotema moto, una ziwa lenye hewa mbaya chini yake, na umesikia risasi mpaka watoto wanajua kutofautisha mlio na mlio. Mambo ya kuogopa tunayo, wala hatuhitaji kubuni mengine. Lakini mlima huwezi kuuhukumu, na mwenye bunduki hutathubutu kumnyooshea kidole. Unampisha njia, unaitikia "ndiyo, chef", yaani mkubwa, unaingia ndani na kufunga mlango. Hofu hiyo haiishi. Inakaa kifuani inatafuta mtu wa kumwangukia, na inamchagua asiye na silaha: mama mkwe, mpangaji mpya, mjane mwenye ndoo. Huyo tunaweza kumwogopa hadharani bila hatari yoyote. Nimeliona hilo kwa wengine mara nyingi na nimeliandika kwa maneno makali. Ilibidi mwanamke afe ndipo nilione kwangu.

Nilikwenda msibani nikakaa nyuma, karibu na mlango. Siku moja kabla ya kuondoa matanga, binti yake mkubwa alikuja kwangu mchana. Ni mama wa watoto wawili, ana macho ya marehemu na ule mtindo wake wa kusema bila kupaza sauti. Hakukaa. Alitoa ufunguo mdogo akauweka mezani. "Nimechanganya sangria ya mama," akasema. "Iko mu ndoo, nimefunga mbele ya wajomba. Ufunguo ukae kwako mpaka kesho." Nikamuuliza kwa nini mimi. "Sababu weye njo ulisema ulimwaga. Batu bote wanajua. Mi nataka kuendelea na ile kazi, papa, sina ingine. Kama weye unakunywa, na batu bote watakunywa. Kama unakataa, basi, nitavunja ndoo." Nikasema nitakuja. Alipoondoka niliusogeza ufunguo ule kwa kalamu, sikuugusa kwa kidole. Cheka, msomaji, una haki.

Kesho yake uani kulijaa watu. Ndoo ilikuwa ndani ya beseni la maji baridi, ileile nyeupe, na kufuli ileile iliyoanza kushika kutu. Nikafungua mwenyewe, ufunguo ukakosa tundu mara mbili. Harufu ya mdalasini ikatoka. Binti akachota, akanywa glasi nzima akiwa amesimama, akaigeuza kichwa chini kama mama yake, kisha akanijazia yangu. Ufunguo ulikuwa umelala kwangu, mchanganyaji amekunywa mbele yangu, na bado niliogopa kama siku ile ya kwanza. Nikatambua hapo kwamba hakuna kufuli ambayo ingenitosha. Mama yule angeweza kufunga ndoo yake kwa minyororo. Kilichokosa kufungwa kilikuwa mdomo wangu. Nikanywa. Sikunywa kwa ushujaa, nilinywa nimefumba macho, haraka, kipande cha tunda damu kikateleza kooni nikakohoa, na mwanamke mmoja akapiga yowe. Nikainua mkono kuwaonyesha kwamba mimi ni mzima. Nikaigeuza glasi kichwa chini. Mzee mmoja wa kanisa akanyoosha yake, kisha wakafuata wengine, na binti akawa anachota bila kuinua uso kwa sababu alikuwa analia.

Ilikuwa tamu, yenye ukali kidogo mwishoni. Sikuwahi kujua. Nililala nikisikiliza tumbo langu, nikihesabu kila mkwaruzo, na asubuhi nikaamka mzima kabisa, njaa inaniuma. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Asubuhi kama ile ingeweza kuwa yangu miaka minane iliyopita, kwa gharama ya glasi moja, na mama yule angeiona. Woga sijaponywa, na kesho nikialikwa nitaangalia tena chupa inavyofunguliwa. Lakini nimejifunza kwamba woga wangu ni wangu, niukalie mwenyewe nyumbani kwangu. Sikuwa na ruhusa ya kuulipia kwa jina la mtu mwingine. Basi zile sentensi mbili nilizozikalia naziandika leo, zikiwa zimechelewa. Dereva alikuwa na homa ya matumbo. Sangria niliimwaga kwa woga, na nyuki walioinywa hawakufa.