Hodi Moja, na Mie Nimo Tanurini

Nimesujudu, nikasikia mlango unafungwa kwa nje. Kacha! Komeo.

Jamani, kile ni chumba cha kukaushia karafuu kwa moto, huku kijijini kwetu Ole. Siku ile mvua, nje hapana pakavu. Nikakifagia, nikatandika mkeka, niiwahi Adhuhuri kabla hakijapashwa moto.

Kabla ya komeo nilisikia sauti ya jirani yangu Mize, mwenye zamu ya kuwasha mashine ya kukaushia: "Hodi!"

Mara moja tu.

Nnaswali, sisemi. Nikapiga kofi kumjulisha, kama wanawake tulivyofunzwa chuo cha Kurani. Feni la mashine, lishawashwa, likalimeza.

Nikatoa salamu mbio mbio. "We Mize! Nimo ndani!"

Wapi! Joto likaanza kupanda kutoka miguuni.

Nikagonga mpaka viganja vikavimba. Harufu ya karafuu inanikaba. Dirisha hamna. Nikaanza kutamka shahada.

Ghafla feni kimya. "Hodi!" Fundi Jecha huyo, aliyeijenga mashine. Nikagonga kwa nguvu za mwisho. Nikatolewa kama muhogo jivuni.

"Mize, unanichoma mzima mzima?"

"Bi Mgeni, wallahi nimefuata karatasi!"

Karatasi zenyewe hutoka kwa binti yangu Mwanapili. Fundi huandika maelezo yake ovyo ovyo, programu ya Mwanapili kwenye kompyuta huyageuza kurasa za mwongozo, nasi huzibandika ukutani.

Fundi akaisoma karatasi ya mlango, akakunja uso. "Mie niliandika: piga hodi, ngoja. Piga hodi, ngoja. Piga hodi, ngoja. Ndipo ufunge. Mtu huenda anaswali, atamaliza. Hodi mbili zi wapi?"

Mwanapili akainamisha kichwa. "Niliiboresha programu, mzee. Ikikuta mstari unajirudia, inaufuta."

"Nani kakutuma?"

Mtoto akanitazama mie.

Wiki moja nyuma nilimcheka mbele za watu: "Karatasi gani hii, ndefu kama kasida? Hodi tatu za nini, kwani sie hatuna adabu? Ifupishe!"

Akafupisha. Mtoto mtiifu.

Kina mama wenzangu, mie nimeishia darasa la saba, lakini hili nimelisoma kwa ngozi yangu. Watoto wetu wana vyombo vikubwa na bado wanatusikiliza. Ukiona mtu kalirudia neno mara tatu, muulize kwanza kwa nini, ndipo useme lifutwe.

Nimemwambia Mwanapili azirudishe hodi zote.

"Itakuwa ndefu, mama."

"Iwe ndefu, mwanangu."