Kengele Sita Kwenye Kaunta

Juzi nilikuwa masijala ya mahakama hapa Garissa, nikiapa kwamba nimepoteza kitambulisho kwa mara ya tatu, mara nikasikia ngamia ndani ya jengo! Kugeuka, mama mmoja mfugaji anamimina kwenye kaunta kengele za mbao wanazofungwa ngamia shingoni.

"Ushahidi hii," akamwambia karani. "Ngamia sita imekufa na ukame. Serikali iliahidi lambo, haijachimba mbaka leo."

Karani, binti wa hapa hapa, akazipanga taratibu kama vikombe vya wageni, akamwita shangazi kwa Kisomali. "Pole sana, eeddo. Lakini kesi ya mazingira, Katiba haidai uonyeshe hasara. Haki yako ikitishiwa tu, unakuja."

Mama akaishika kengele ndogo kuliko zote. "Yaani ningekuja wakiwa hai?"

"Ndiyo, eeddo."

"Wallahi, mbona hakuna mtu aliniambia?"

Karani akavuta fomu. "Wamebaki wangapi?"

"Wawili."

"Basi tuandike kwa ajili ya hao."

Huku kwetu tukisalimiana, huulizana kwanza hali ya mifugo. Tangu siku hiyo, nikijibiwa wako salama, namwelekeza mtu mahakamani.